Pedali ya kwanza ya pedali stili inalia kila nikikanyaga: je, chenja imekufa?

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Eldoret, Kenya, na linahusu pedali stili, gitaa linalolazwa juu ya miguu yake na kubadilishwa tuni kwa pedali na leva za magoti. Nimelifupisha kidogo:

"Salaam, fundi. Mjomba wangu anayeishi Texas aliniletea pedali stili ya miaka ya 1970, shingo moja, nyuzi 10, pedali tatu na leva nne za magoti. Ilikuja ikiwa imefunguliwa, nikaifunga mwenyewe kwa kufuata picha. Inapiga vizuri, ila pedali ya kwanza upande wa kushoto inalia kila nikiikanyaga na kila nikiiachia. Nilipuliza WD-40 chini kote, ikanyamaza siku mbili, kisha ikaanza tena. Juzi tulikuwa tukirekodi wimbo wa polepole kanisani, fundi mitambo akasimamisha kazi kwa sababu maikrofoni ya mwimbaji ilinasa ule mlio. Rafiki yangu anasema chenja imekufa. Ni kweli? Na huku kwetu nitampata wapi wa kuitengeneza?"

Salaam, ndugu yangu. Chenja yako, ile mashine ya upande wa kulia inayovuta nyuzi, haijafa, na ushahidi umo katika maneno yako mwenyewe. Umesema gitaa linapiga vizuri, tena mlio ulinyamaza kwa siku mbili. Chenja iliyochoka hujitambulisha kwa tuni: unakanyaga, uzi unapanda, unaachia, uzi haurudi pale ulipokuwa. Hilo hukulilalamikia. Ulicho nacho ni kiungo kimoja kikavu mahali fulani kati ya kiatu chako na ule uzi, na kazi yote iko katika kukijua ni kipi. Kukitengeneza huchukua dakika chache. Kukitafuta ndiko kunakotaka utulivu, na wengi hawautoi. Humwaga mafuta kila mahali, na mafuta yaliyomwagwa kila mahali ndiyo yanayokuja kuua chenja nzima miaka michache baadaye.

Fundi mitambo wenu alikuwa na haki ya kusimamisha kazi. Stili za mwanzo zilizotokana na wapigaji wa Hawaii hazikuwa na pedali. Mpigaji alitelezesha chuma juu ya nyuzi basi. Mwaka 1954 ikatoka rekodi ya Webb Pierce, mwimbaji wa muziki wa country, ambamo Bud Isaacs alipiga stili iliyoundwa na fundi Paul Bigsby, naye akakanyaga pedali noti ikiwa bado inalia, nyuzi mbili zikapanda huku nyingine imetulia. Wapigaji wa Nashville walipousikia mwendo ule, kila mmoja alitaka pedali. Tangu hapo uzuri wa chombo hiki umo ndani ya ule mwendo wenyewe, noti inapohama kutoka hapa kwenda pale. Kwa hiyo mguu wako hufanya kazi palepale ambapo wimbo uko wazi zaidi, hakuna ngoma wala mkwaruzo wa gitaa la ridhimu wa kuuficha mlio. Kwenye wimbo wa haraka mlio kama huo ungepita bila mtu kuutambua. Kwenye wimbo wa polepole, tena wa ibada, unamvuta msikilizaji kutoka kwenye wimbo na kumpeleka kwenye mashine.

Tufuate njia ambayo uzito wa mguu unapitia. Unakanyaga pedali. Pedali inazunguka juu ya shafti nyembamba iliyomo ndani ya reli ya pedali, ile reli inayoshikwa na miguu miwili ya mbele. Pedali inavuta rodi ya wima. Juu, rodi imeshikana kwa ndoano au kwa gololi na mkono wa shafti ya mlalo iliyolala chini ya tumbo la gitaa, kutoka mbele kwenda nyuma. Shafti hiyo inazunguka ndani ya bushi mbili, moja kila upande. Juu ya shafti kuna vikono vidogo, na kila kikono kinavuta rodi nyembamba inayokwenda kulia hadi kwenye chenja. Ndani ya chenja kuna vidole, kila uzi na kidole chake, na springi za kuvirudisha. Kidole kinapozunguka kinavuta uzi, na uzi nao unasogea juu ya rola yake kule kushoto. Viungo vyote ndivyo hivyo. Mlio wako unatoka katika kimojawapo.

Kabla hujafungua hata skrubu moja, sikiliza mlio unatokea wakati gani wa mwendo wa pedali, maana wakati huo unakuambia mengi. Mlio mwembamba unaoendelea kutoka mwanzo wa mkanyago hadi mwisho, na tena wakati wa kuachia, kwa kawaida ni shafti inayozunguka ikiwa kavu: ama ile ya pedali, ama ile ya mlalo. Mlio unaotokea mwanzoni tu, mguu unapoanza kubeba uzito, mara nyingi ni ndoano ya rodi. Ukitokea mwishoni tu, pale pedali inapogota, tazama kizuizi cha shafti. Ukitokea wakati wa kuachia peke yake, shuku springi inayosugua jirani yake. Sauti nzito ya kuguna, kama mbao inayojipinda, hutoka kwenye mguu wa gitaa ambao haukukazwa hadi mwisho, au kwenye maungio ya reli. Na sauti ya "tak" moja kavu si ukavu hata kidogo, ni nafasi iliyozidi kati ya vyuma viwili. Kwa jinsi ulivyoeleza, unalia ukikanyaga na unalia ukiachia, pesa yangu ningeiweka kwenye shafti ya pedali au kwenye mojawapo ya viungo vya rodi. Hata hivyo tuthibitishe kwanza.

Anza na mambo yaliyo nje ya gitaa. Pedali ya sauti, ile unayoikanyaga kwa mguu wa kulia, hulaumiwa mara chache kuliko inavyostahili. Miguu miwili hucheza pamoja: wa kushoto unakanyaga pedali ya kwanza, wa kulia unafungua sauti kwa wakati uleule, na sikio linapeleka lawama zote kushoto. Kwa hiyo ondoa kabisa mguu wa kulia, kisha kanyaga pedali ya kwanza peke yake. Halafu fanya kinyume chake. Kama ni pedali ya sauti, kuna uwezekano wa aina mbili. Mlio unaosikika hewani hutoka kwenye bawaba yake au kwenye kamba inayozungusha voliumu ndani. Mkwaruzo unaosikika kwenye spika peke yake ni uchafu ndani ya voliumu yenyewe, na huo ni ugonjwa wa umeme, unataka dawa ya kusafishia swichi, si mafuta.

Vua na viatu. Soli ya mpira juu ya pedali ya alumini iliyong'arishwa hulia vizuri sana. Kanyaga ukiwa na soksi, usikilize. Kaza pia miguu yote minne ya gitaa kwa mkono, na utikise kiti unachokalia.

Kuna swali jingine linalosaidia: je, mlio unasikika kwenye amplifaya, au hewani tu? Pikapu ya stili, kile kipande kilicho chini ya nyuzi kinachoipelekea amplifaya sauti, ni sumaku, inasoma mtikisiko wa nyuzi na si sauti ya hewani. Ndiyo maana kwenu aliyeunasa mlio ni maikrofoni ya mwimbaji. Hiyo ni habari njema, maana mlio unaopita hadi kwenye amplifaya kwa kawaida umezaliwa karibu na nyuzi, yaani kwenye chenja au kwenye rola. Zima amplifaya, piga, washa, piga. Kama hakuna tofauti yoyote isipokuwa noti, tafuta chini, karibu na sakafu.

Sasa chukua kipande cha mpira mwembamba wa maji, urefu wa kama nusu mita hadi mita moja. Ncha moja iweke karibu na sikio bila kuisukuma ndani, ncha nyingine uipitishe polepole kwenye kila kiungo huku mtu mwingine akikanyaga pedali kwa mwendo mmoja usiobadilika. Mafundi wa injini hufanya hivyo. Usiruke kiungo hata kama unadhani unajua jibu. Chuma husafirisha sauti, na mlio wa shafti ya pedali hupanda kwenye rodi ukasikika kana kwamba unatoka tumboni mwa gitaa. Mpira utakuonyesha mahali ambapo mlio ni mkali kuliko pengine pote.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Wengi huchomoa rodi, hubonyeza pedali tupu kwa kidole, husikia kimya, kisha husema "pedali ni nzima, tatizo liko juu". Hapo wanapotea njia. Pedali isiyo na rodi haina mzigo, na kiungo kikavu kisicho na mzigo hunyamaza. Mlango wenye bawaba kavu hulia kwa sababu uzito wa mlango unaikandamiza bawaba. Ukiuinua kidogo kwa mikono unaacha kulia, na bawaba ingali kavu vilevile. Kwa hiyo lazima uijaribu pedali ikiwa imebeba kitu.

Fanya hivi. Chomoa rodi upande wa juu, pale inaposhikana na mkono wa shafti ya mlalo. Mwombe mwenzako aishike rodi hiyo kwa kitambaa na aivute kwenda juu kwa nguvu, huku wewe ukikanyaga pedali kumshinda. Ikilia, mwenye kosa yuko chini: shafti ya pedali au kiungo cha chini cha rodi. Isipolia, acha pedali, pitisha kamba imara kwenye tundu la ule mkono wa juu ulipochomoa rodi, kisha uvute kamba kwenda chini wima, kama rodi ambavyo ingevuta. Sasa shafti ya mlalo, vikono, chenja na rola vinafanya kazi bila pedali. Ikilia, mwenye kosa yuko juu. Isipolia kote kuwili, basi ni ndoano ya juu yenyewe, kile kiungo ulichokitenganisha. Kwa kipimo hiki kimoja umegawa gitaa zima katikati na hujafungua chochote.

Kwako wewe kuna jambo jingine la kutazama, kwa sababu gitaa lilikuja limefunguliwa na umelifunga kwa picha. Rodi za pedali hazilingani urefu. Kila moja imerekebishwa kwa ajili ya pedali yake, na zikibadilishana nafasi, moja itavuta mapema na nyingine italegea. Kaa sakafuni mbele ya gitaa uliangalie usawa wa macho. Rodi zote tatu ziwe wima. Kama reli ya pedali imefungwa ikiwa imesogea kushoto au kulia, au upande mmoja uko juu kuliko mwingine, rodi zinainama, na rodi iliyoinama haivuti chini tu, inavuta na pembeni. Hapo pedali inasukumwa kwenye ukuta wa nafasi yake ndani ya reli, inasugua, na hakuna mafuta yatakayoinyamazisha kwa muda mrefu. Legeza vibano vya reli, isogeze mpaka rodi zisimame wima, kaza tena, jaribu. Mara nyingi gitaa lililosafirishwa huishia hapo, na hutahitaji kusoma aya zinazofuata.

Angalia pia kama rodi ina uhuru kidogo pedali ikiwa juu. Ishike kwa vidole viwili uitikise: inatakiwa icheze kidogo sana, kama milimita moja. Ikiwa imekaza kama waya wa nguo, pedali inavuta chenja hata usipokanyaga, na kila kiungo kinabeba mzigo wakati wote.

Tuseme kipimo kimekuonyesha shafti ya pedali. Utahitaji alenki, zile spana ndogo za umbo la L, na zile za inchi. Gitaa la Marekani la miaka ya 1970 limefungwa kwa skrubu za inchi. Alenki ya milimita inaweza kuingia ikakaa kama inatosha, ukiizungusha inakula kona za skrubu, na skrubu iliyoliwa kona ndani ya reli ni taabu kubwa kuliko mlio wowote. Nunua seti ya inchi kwanza.

Kwenye magitaa mengi shafti moja ndefu hupita katika pedali zote, imebanwa na skrubu ndogo mwisho wa reli. Kwa mengine kila pedali ina pini yake. Tandika kitambaa cheupe, toa vipande kimoja kimoja na uvipange kwa utaratibu uleule vilivyotoka, pamoja na washa zake. Washa moja ya plastiki ikikosa kurudi mahali pake, pedali itasugua reli, chuma kwa chuma, na utakuwa umejitengenezea mlio mpya.

Futa shafti kwa kitambaa kikavu uone kinachotoka. Kwa hakika kitakuwa cheusi, kizito, kinachoacha alama vidoleni. Ule si uchafu wa kawaida. Ni unga laini wa alumini uliosagwa kutoka kwenye pedali kwa miaka mingi, umechanganyika na mafuta ya zamani yaliyokauka na vumbi. Na hapa ndipo utaelewa zile siku mbili za kimya. WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma na kuzuia kutu, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Ulipoipuliza, iliulainisha ule uji mweusi ukawa majimaji, pedali ikateleza. Sehemu yake kubwa ikayeyuka hewani, uji ukarudi kuwa uji, mlio ukarudi. Uchafu haukutoka, ulihamishwa tu. Hali hiyohiyo sasa iko kila mahali ulipopuliza, kwa hiyo utakapofungua, futa na sehemu nyingine.

Safisha kwa kitambaa na vijiti vya pamba vilivyoloweshwa petroli ya viberiti, ile inayotiwa kwenye viberiti vya utambi. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko, mbali na sigara, na acha chuma kikauke kabisa. Usitumie thina ya rangi, itakula vanishi ya gitaa. Petroli ya gari usiikaribishe kabisa. Badilisha kijiti kila kinapokuwa cheusi, hadi kimoja kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kama shafti ina mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, isugue kidogo kwa msasa laini, namba 1000, kisha ufute tena. Tundu la pedali lenyewe usilisugue kwa msasa, kwa sababu alumini ni laini na ukilipanua pedali itacheza.

Mafuta ya kutumia unayo mtaani kwako: mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi upesi, na yametengenezwa kwa vyuma vidogo vinavyokwenda huku na huku. Marekani wapigaji wengi hutumia Tri-Flow, mafuta yenye Teflon. Ukiagiza chupa kwa mjomba itakudumu miaka. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, usiyaguse. Oili ya gari ni nzito na hukusanya vumbi, na Eldoret wakati wa kiangazi mnajua vumbi ni nini.

Kiasi ndicho kinachowashinda watu. Nunua bomba la sindano kwenye duka la dawa, vuta mafuta kidogo, na usukume mpaka tone litokeze kwenye ncha ya sindano bila kudondoka. Tone hilo ndilo kipimo. Ligusishe pale shafti inapoingia kwenye pedali, litanyonywa lenyewe. Cheza pedali mara ishirini, thelathini. Utaona ukingo mwembamba wa mafuta unatokeza pembeni, ukiwa wa kijivu. Ufute. Tia tone jingine, cheza tena, futa tena. Siku ukingo unapotoka safi, bila rangi, umemaliza, na chochote kinachobaki nje ya kiungo kifutwe kabisa. Mafuta yanafanya kazi ndani ya kiungo peke yake. Yaliyo nje kazi yake ni kukamata vumbi na kulipeleka ndani.

Kama kipimo kimeonyesha juu, gitaa litabidi ligeuzwe, na hili usilifanye peke yako. Chomoa rodi kwanza, uzitie alama ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa kipande cha karatasi ya gundi. Ondoa reli. Fungua kasha lake, na kwa watu wawili mlilaze gitaa ndani kifudifudi, nyuzi zikitazama chini, kama linavyokaa likisafirishwa. Hakikisha uzito umekaa kwenye mito ya kasha na si kwenye funguo za kukazia nyuzi. Ndipo mfungue miguu. Sasa tumbo lote liko juu, na unaweza kuzungusha shafti kwa kidole na kuisikiliza.

Pedali ya kwanza katika tuni ya E9, ile ya kawaida ya nyuzi 10, hupandisha nyuzi ya 5 na ya 10 kutoka B hadi C#, kama pedali zimepangwa kwa mtindo wa mpigaji Buddy Emmons. Kwa mtindo wa mpigaji Jimmy Day mpangilio umegeuzwa, na pedali ya kwanza kushoto itakuwa inapandisha ya 4 na ya 5. Fuata rodi kwa macho ujue ni vikono vipi na vidole vipi vinavyohusika, uviache vingine kwa amani. Tazama kama rodi nyembamba inasugua nyingine njiani, au kama inagusa ubao mahali inapopita. Alama yake ni mstari mmoja unaong'aa kwenye chuma kilichofifia. Rodi inayosugua huhitaji kunyooshwa kidogo kwa vidole, si mafuta.

Bushi za shafti ya mlalo zitie tone moja kila moja kama ni za shaba. Kama ni za nailoni, futa tu shafti mpaka ikauke, kisha uijaribu. Nailoni safi juu ya chuma safi hujitosheleza, na mafuta mengi huifanya ikusanye vumbi. Ndoano za rodi waweza kuzipaka grisi nyeupe kidogo mno, kwa sababu ziko wazi na ni rahisi kuzifuta. Ikiwa tundu la ndoano ni pana na rodi inagonga, valisha ndoano ile tubu nyembamba ya mafundi umeme inayonywea kwa joto, mradi ndoano bado inaingia bila kulazimishwa.

Chenja usiiguse. Nasema hivi nikijua mkono utawasha, maana ndiyo sehemu inayovutia kuliko zote na rafiki yako tayari ameihukumu. Kuna vidole vingi vilivyobanana pale, nafasi kati yao ni ndogo kuliko unene wa kadi, na mafuta yakiingia kupita kiasi hushikana na vumbi hadi kidole kikasita kurudi. Ipime kwa tyuna badala ya kuipima kwa macho. Piga uzi wa 5 wazi, uangalie sindano. Kanyaga, achia, piga tena. Ikirudi palepale, chenja ni nzima, ifunike na uendelee. Na zile nati ndogo za nailoni zilizo mwisho wa gitaa upande wa kulia ndizo tuni ya pedali zako. Hazihusiki na mlio wowote. Ukizizungusha utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Uzi usiporudi, kabla ya kuilaumu chenja nenda upande wa kushoto. Rola iliyokauka husita, kisha hujiachia ghafla, na hutoa mlio mdogo wa "ping" unaosikika mpaka kwenye amplifaya. Legeza uzi, uutoe kwenye rola, zungusha rola kwa kidole. Ikikataa kuzunguka, safisha ekseli yake na uitie tone moja dogo.

Umeuliza nani wa kukutengenezea. Kwa usafi na mafuta, wewe mwenyewe unatosha. Kama bushi imelika mpaka shafti inacheza ndani yake, tafuta fundi wa kukereza, yule anayetengenezea watu bushi za pampu na za mashine za kusaga, Eldoret hamkosi. Usimpelekee gitaa. Mpelekee shafti na bushi ya zamani, umwombe akereze nyingine ya shaba au ya nailoni ngumu. Apime shafti mahali ambapo haijalika, si pale katikati ya alama, na tundu liwe kubwa kidogo tu kuliko shafti, kiasi kwamba shafti inateremka ndani yake kwa uzito wake bila kuyumba pembeni. Fundi mzuri wa cherehani naye ni msaada, hasa kwa springi na skrubu ndogo.

Usiogopeshwe na maneno kwamba chombo hiki hakiwezi hewa ya Afrika. Demola Adepoju alipiga pedali stili miaka mingi katika bendi ya King Sunny Adé huko Nigeria, na Lagos ina joto na unyevu kuliko huko kwenu juu, mita elfu mbili na zaidi. Kwako adui ni vumbi. Lifunike gitaa kwa shuka zito kila ukimaliza, shuka lifike chini hadi kwenye pedali, maana pedali ndizo zilizo karibu na sakafu. Mkialikwa kuimba Mombasa, futa nyuzi na springi kwa kitambaa kikavu usiku uleule baada ya kupiga, kwa sababu chumvi ya hewani haingoji asubuhi. Kwa mtu anayepiga kila wiki, viungo vya pedali vitataka tone jipya mara moja au mbili kwa mwaka. Vikitaka zaidi ya hapo, kuna kitu kimepinda, rudi kwenye kuangalia rodi zako kama ziko wima.

Mkirekodi tena kabla hujapata nafasi ya kufungua, weka zulia zito chini ya reli, vua viatu, na mwombe fundi mitambo amgeuze mwimbaji ili mgongo wa maikrofoni yake uelekee miguuni mwako. Ikiwa baada ya hatua zote hizi pedali bado inalia, nirekodie sekunde chache kwa simu ukiwa umeishika karibu na reli, kisha sekunde nyingine karibu na tumbo la gitaa, ukikanyaga polepole. Niandikie pia kipimo cha kamba kilikuonyesha upande gani, wa juu au wa chini.